Kabla ya Kuiondoa VLC, Tafuta Dirisha Lilipo

Mtu asiyeona akilalamika kwamba VLC, programu ya kuchezea video na muziki, haisomeki tena, ushauri anaopewa upesi ni kuiondoa na kuisakinisha upya. Naupinga ushauri huu. VLC ikiondolewa kwenye Windows, mipangilio yake hubaki kwenye folda ya mtumiaji, isipokuwa uchague wakati huohuo ifutwe. Kwa hiyo bando litaisha na kasoro ileile itakusubiri.

Jua kwanza kilichopotea ni dirisha au fokasi, yaani mahali kibodi inapoelekezwa. Sauti ya video inasikika, NVDA (programu inayomsomea asiyeona skrini kwa sauti) kimya: bonyeza Insert+T. Ukitajiwa VLC, dirisha liko mbele, na shida imo ndani yake. Ukisikia programu nyingine, rudi kwa Alt+Tab. Alt+Tab nayo isipoitaja VLC kabisa, huenda imejificha pembeni mwa saa. Bonyeza Windows+B, tembea na mishale hadi uisikie, kisha Enter.

Shida ikiwa ndani ya dirisha, mshukiwa wangu wa kwanza ni Ctrl+H. Amri hiyo huficha menyu na vitufe vyote, likabaki eneo la picha tupu, na ni rahisi kuigonga bila kujua. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza Alt menyu haifunguki. Gonga Esc kwanza ili utoke kwenye skrini nzima kama umo, halafu Ctrl+H tena. Kwenye skrini nzima vitufe hukaa katika kidirisha chake pekee, ambacho hutoweka kipanya kikitulia, usihangaike kukiwinda. Spesi husimamisha na kuendeleza, Alt na mshale wa kulia huruka sekunde 10, Ctrl na mshale huohuo huruka dakika 1, na Ctrl na mshale wa juu huongeza sauti.

Kesi ngumu zaidi ni dirisha lililobaki nje ya skrini, kwa mfano baada ya kutumia projekta ukumbini. Amri za kibodi zinafanya kazi, jina linasomwa, ila anayeona akiangalia haoni kitu na anakwambia programu haijafunguka. Kipimo kizuri ni Insert+R, amri ya NVDA ya kutambua maandishi yanayoonekana kwenye skrini: ikijibu kwamba maudhui hayaonekani, huenda dirisha liko nje. Zima pazia la skrini (kipengele cha NVDA kinachoifanya skrini iwe nyeusi) kabla ya kupima, maana nalo huzuia amri hiyo.

Kulirudisha, bonyeza Alt+Spesi kisha R, ili dirisha litoke kwenye hali ya kupanuliwa. Bila hivyo haliwezi kusogezwa. Bonyeza tena Alt+Spesi, kisha M, sogeza kwa mishale, malizia na Enter. Herufi hizo ni za Windows ya Kiingereza. Kama kompyuta bado inadhani ina skrini mbili, bonyeza Windows+P uchague skrini ya kompyuta pekee.

Yote yakishindikana, ndipo tunagusa faili. Funga VLC kwa Ctrl+Q, kwa sababu ikiwa wazi itaandika upya inapofungwa kile ulichokifuta. Bonyeza Windows+R, andika %appdata%\vlc, Enter, ufute vlc-qt-interface.ini peke yake. Humo ndimo hutunzwa mahali na ukubwa wa dirisha. Usiguse vlcrc, kwani ina mipangilio mingine uliyojichagulia na haina hatia hapa.

Wanaobeba NVDA kwenye flashi wana mtego wao: nakala hiyo ikifunguliwa kwa njia ya kawaida haiwezi kusoma programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Dirisha litaonekana limekufa wakati ni zima. Funga VLC, uifungue kwa njia ya kawaida. Walimu wa kompyuta walijue hili kabla hawajamwambia mwanafunzi kwamba mashine yake ni mbovu. Nimechoka kusikia watu wanakatishwa tamaa na jambo la amri mbili.