Wanaoahidi kuipunguza serikali ya Marekani

Mei 2024 Donald Trump alikwenda kuomba kura kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Libertarian mjini Washington, akazomewa. Naye hakukaa kimya: kama mnapenda kushindwa, akawaambia, endeleeni kuambulia asilimia 3 zenu kila baada ya miaka minne.

Chama hicho, kilichoanzishwa 1971, kinataka kodi chache, vita vichache, na mtu aachwe aendeshe maisha yake. Kwa wafuasi wake, Republican na Democrat ni madereva wawili wa basi moja, wanapokezana usukani tu.

Ukitazama hesabu, lawama hiyo ina mashiko. Ronald Reagan alipoapishwa Januari 1981 alisema kuwa katika mgogoro ule serikali haikuwa suluhisho bali ndiyo tatizo. Aliahidi kuifuta Wizara ya Elimu. Haikufutwa, na mwaka 1988 akasaini sheria ya kuongeza wizara nyingine, ya wanajeshi wastaafu. Deni la taifa alilikuta halijafika dola trilioni 1, akaliacha limepita trilioni 2.5. George W. Bush, Republican mwenzake, akaleta Wizara ya Usalama wa Ndani na mpango wa kuwalipia wazee dawa. Ziada ya bajeti ilionekana zama za Bill Clinton, Democrat, huku Bunge likiwa mikononi mwa wapinzani wake. (Jambo ambalo mashabiki wa Reagan hawapendi kukumbushwa.)

Tatizo ni pale wafuasi hao wanapomtwika mgombea mzigo wote. Watumishi raia wa serikali kuu, ukiacha posta, ni zaidi ya milioni 2, idadi isiyopishana sana na ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ingawa wananchi wameongezeka sana tangu hapo. Kilichovimba si ofisi. Fedha nyingi zinakwenda kwenye pensheni, matibabu ya wazee na maskini, jeshi, na riba ya deni lenyewe. Wazee wanazidi kuwa wengi, na wanapiga kura kuliko vijana. Mgombea atakayesema wazi kwamba atagusa pensheni zao amejimaliza, na ndiyo maana Trump aliahidi kutozigusa. Bilionea Elon Musk, kabla ya kuingia kwenye serikali ya Trump kubana matumizi, alitaja akiba ya dola trilioni 2. Maelfu ya watumishi waliondolewa kazini, lakini matumizi ya jumla ya mwaka wa fedha 2025 yakazidi ya mwaka uliotangulia. Akiba ya namna hiyo haipatikani kwenye mishahara ya makarani.

Hata hivyo, nawapa wafuasi wa Libertarian haki yao katika jambo moja ambalo wachambuzi wa bajeti hulipita haraka: serikali hukua pia kwa mamlaka, na mamlaka hayaonekani kwenye vitabu vya hesabu. Rais anaweza kufukuza watumishi huku kalamu yake ikizidi kuwa nzito. Trump aliwaahidi wale waliomzomea kwamba atamwachia Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko la mtandaoni la dawa za kulevya na mfungwa wa maisha waliyemtetea kwa miaka, na Januari 2025 akamsamehe. Mgombea wao wenyewe wa urais 2024, Chase Oliver, alikuwa amepata takribani asilimia 0.4 ya kura. Aprili mwaka huohuo Trump akatangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu dunia nzima, bila kusubiri kura ya Bunge.