Maharage hayarutubishi shamba kama unabeba kila kitu nyumbani

Kila msimu utasikia mtu anasema panda maharage mwaka huu, mwakani weka mahindi, ardhi itakuwa imejirutubisha yenyewe. Mi naona tunayasifia maharage kuliko yanavyostahili, na matokeo yake tunashangaa majani ya mahindi yanatoka ya njano.

Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, kirutubisho ambacho mahindi yanakihitaji sana, ila mmea hauwezi kuitumia hivyo ilivyo, atomu zake mbili zimeng'ang'aniana mno. Kiwanda cha mbolea kinahitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, na presha kubwa sana, ndo kizitenganishe. Sasa kuna bakteria wa udongoni, raizobia, wanaifanya kazi hiyo hiyo kwenye mzizi wa mimea ya jamii ya kunde, maharage yakiwemo, bila moto wowote. Mzizi unatoa kemikali ya kuwaita, wao wanajibu kwa ya kwao, kinyweleo cha mzizi kinajikunja kuwakumbatia, wanaingia ndani na kinundu kinaota. Mmea unawalisha sukari, wao wanaulipa amonia. Kila nikifikiria hili nabaki nashangaa tu, kweli.

Na unaweza kujionea mwenyewe. Maharage yakianza kutoa maua chimbua mche kwa jembe taratibu, usiuvute maana vinundu vitabaki ardhini, osha mizizi, pasua kinundu kwa kucha. Ukikuta ndani pekundu au pinki kazi inaendelea, kweupe bado au hakifanyi kitu, kijani kimeshachoka. Ule wekundu ni protini ndugu kabisa na ile ya damu yetu, inadhibiti oksijeni, sababu bakteria wanaihitaji kupumua lakini ikizidi inaharibu kimeng'enya chao cha kukamata naitrojeni.

Haya, naitrojeni hiyo inaenda wapi? Sehemu kubwa inaishia kwenye punje, ndo ile protini unayokula. Na maharage ya kawaida ni wavivu kwenye hii kazi ukilinganisha na soya au mbaazi. Halafu sisi tunafanyaje, tunang'oa mche na mizizi yake, tunabeba mpaka nyumbani, tunapura kwenye turubai, mabua tunachoma na naitrojeni yake karibu yote inarudi hewani na moshi! Shamba limebaki na nini hapo? Pura shambani jamani, sambaza mabua na maganda palepale, au kama mbuzi wameyala basi samadi irudi kwenye lile lile shamba. Na udongo usio na fosforasi vinundu vinakuwa vichache, kwa hiyo mbolea ya Minjingu, ile yenye fosforasi, wakati wa kupanda sio pesa ya kutupa, ukiweza.

Kwangu mimi zao la kuheshimiwa ni mbaazi. Babati, kule Manyara, watu wanaichanganya na mahindi, mahindi yanavunwa yenyewe bado imesimama, mizizi imeshuka chini, na majani yanapukutika pale pale shambani bila mtu kuyabeba. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji bei ikaanguka vibaya na wapo waliokata tamaa nayo, siwalaumu hata kidogo, hasara ile iliuma. Ila ukikaa kupiga hesabu ya mbaazi usiishie kwenye bei ya gunia, weka na yale majani, halafu linganisha na bei ya mfuko wa urea, ile mbolea ya naitrojeni, dukani kwenu.