Jina la Kizungu si lazima liwe la Kikristo

Wazazi wenzangu wa Mombasa hili jambo limenikaa rohoni kitambo. Kijana akizaliwa tu watu wanaanza kusaka jina la ubatizo kwenye simu, linachaguliwa lile linalosikika tamu, basi unapata Clinton, unapata Brighton, na familia nzima imeridhika ati mtoto ashapata jina la Kikristo. Brighton ni mji wa pwani huko Uingereza! Clinton nalo lilianza kama jina la mahali. Mpe mtoto ukipenda, lakini isiwe hilo ndio la kanisani alafu jina letu la Kimijikenda kama Kazungu au Katana lionekane la kipagani.

Manake hata ya Biblia yenyewe si ya Kizungu, mengi ni Kiebrania. Danieli ni Mungu ni mwamuzi wangu. Mikaeli ni swali kabisa, nani aliye kama Mungu? Yohana ni Bwana ana neema, na hili nalipenda kuliko yote kwa vile lilivyopatikana, fungua Luka 1 usome, ndugu na majirani walishaamua mtoto aitwe Zakaria kama babake, mamake Elisabeti akakataa katakata, wakamgeukia mzee Zakaria mwenyewe ambaye hata kusema hawezi, akaitisha kibao akaandika jina lake ni Yohana. Bas.

Na Benyamini jamani. Raheli anakata roho kwa uchungu wa uzazi anamwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu, Yakobo akakataa mwanawe abebe msiba huo maisha yake yote, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Sisi wa Mombasa tuna neema nyingine, majina haya tunayo pamoja na jirani zetu Waislamu. Yohana kwao ni Yahya, Yosefu ni Yusuf, na Musa, Daudi, Ayubu, Zakaria unaita barazani anaitika wa kanisani na wa msikitini.

Tena mji huu unajua jina la kubandikwa linavyokuwa. Yusuf bin Hassan alichukuliwa mdogo akapelekwa Goa kule India, Wareno wakambatiza Jerónimo, akarudi kuwa sultani wetu, na 1631 akawageukia hapo Fort Jesus, akarudi kwenye Uislamu na kwenye jina lake la Yusuf. Alafu kuna waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakalelewa India na wamishonari, walioletwa huku kwenye vijiji vya misheni vya Freretown na Rabai wakiitwa kina George David na William Jones. Huyu Jones alikuja kupewa ushemasi 1885. Nawaheshimu sana, kanisa la Pwani limesimama juu ya jasho lao, ila wao majina ya Kiingereza walipewa wakiwa watoto waliotekwa. Sisi leo nani anatulazimisha?

Kwa Wakatoliki hata sheria ya Kanisa haikubani. Ile ya 1917 ndiyo ilimtaka paroko aongeze jina la mtakatifu kama mzazi hakulileta, ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Charo halina ugeni wowote, ni safari tu kwa Kigiriama, na Abrahamu mwenyewe Mungu alimwita afunge safari.

Ukiniuliza mimi nitakwambia Yohana Charo, na kwenye cheti cha kuzaliwa iandikwe Yohana hivyo hivyo, sio John.