Wanaocheka visanduku na mishale wanacheka nusu isiyo na maana

Mwandishi wa programu mzoefu akionyeshwa wakala wa akili mnemba (programu inayoachia modeli ya lugha ifanye kazi ya hatua nyingi) aliyechorwa kwa visanduku na mishale, hucheka pembeni. Michoro ya aina hiyo anaijua tangu enzi za LabVIEW, zana ya kutengeneza programu kwa kuchora iliyotoka 1986: inaanza na visanduku vitano, inaishia kama uzi uliochezewa na paka. Kwake, hiki ni kifaa cha wasioweza kuandika msimbo.

Hajakosea kabisa. Mchoro uliohifadhiwa kama JSON, yaani faili la maandishi ya data, ni tabu kuukagua kwenye Git, zana inayoonyesha kila badiliko la msimbo. Kisanduku kikisogezwa tu pembeni, mistari ya faili inabadilika ilhali kazi ni ileile. Usalama nao si jambo la kupuuza. Mwaka 2025 ilifichuka dosari ya Langflow, zana ya kuchora mawakala kwa visanduku; dosari hiyo, CVE-2025-3248, ndiyo iliyomwezesha mtu asiyeingia kwa nenosiri lolote kuendesha msimbo wake kwenye seva ya mwingine. Walio chini ya toleo la 1.3.0 walikuwa wazi kushambuliwa.

Ila kuchora ni jambo moja, na kuchunguza kilichoharibika ni jambo jingine. Kicheko kinahusu la kwanza; zana kama LangGraph Studio, inayoonyesha hatua za wakala kama mchoro, ina maana kwa la pili.

Tufanye hesabu. Wakala anayepatia kila hatua kwa asilimia 95 anaonekana hodari. Mpe kazi ya hatua 10: uwezekano wa kufika mwisho bila kosa ni kama asilimia 60. Hatua 20? Asilimia 36. Na hapo nimechukulia kwamba hatua hazitegemeani, ilhali kwa kweli hutegemeana: kosa la hatua ya 3 huingia kwenye muktadha (maandishi ambayo modeli inayasoma) na hatua ya 4 hulisoma kama ukweli. Mpandishe hadi asilimia 99 kwa kila hatua, na zile hatua 20 zinafika asilimia 82. Tofauti ni kubwa mno, lakini huwezi kuipata kwa kubadilisha maelekezo ya wakala kwa kubahatisha. Lazima ujue ni hatua ipi inayovuja.

Hapo ndipo njia ya zamani, ya kuchapisha ujumbe kila mahali na kuendesha upya, inapochoka. Kila mwendo mpya unakula tokeni (vipande vya maandishi vinavyolipiwa), na modeli inaweza kujibu tofauti, kosa likajificha. Msimbo hauna hitilafu hata moja. Kilichopotoka ni njia aliyoichagua wakala.

LangGraph Studio ilipotangazwa Agosti 2024 ilikuwa ya Mac zenye chipu za Apple, tena ilidai Docker, programu nyingine ya kusakinisha kando, na malalamiko ya usumbufu yalikuwa ya haki. Siku hizi unaandika faili la langgraph.json linaloonyesha grafu yako, yaani mpangilio wa hatua za wakala, ilipo, unatoa amri ya langgraph dev, na Studio inafunguka kwenye kivinjari. Grafu huchorwa kutokana na msimbo wako wa Python, kwa hiyo Git inabaki na cha kusoma. Unasimamisha wakala kabla hajaita zana, unarekebisha hali yake (data anayoibeba kati ya hatua), kisha unamwachia aendelee kwa tawi jipya kuanzia hapo. Ukimsimamisha kwenye hatua ya saba, sita za mwanzo hazirudiwi.

Mpinzani makini atasema hayo yote yanawezekana kwa msimbo, kwa kuwa LangGraph yenyewe, maktaba ya msimbo iliyo nyuma ya Studio, ndiyo inayohifadhi hali kila hatua. Kweli. Atasema pia data za wateja zisiende kiholela LangSmith, huduma ya mtandaoni inayorekodi miendo ya wakala. Kweli tena, na ndiyo maana mpangilio wa LANGSMITH_TRACING, unaowasha au kuzima kurekodi huko, unapaswa kuwekwa false kabla ya jaribio la kwanza, si baada ya la kumi.

Lakini anayejua kama jibu la wakala ni sahihi mara nyingi si mwandishi wa programu. Ni mhasibu, au muuguzi, asiyesoma Python. Mketishe mbele ya grafu, umpeleke hatua kwa hatua, naye atagusa kisanduku cha saba na kusema: hapa alichukua jumla kabla ya kodi.