Kosa la kiwanda au nyundo ya fundi?

Wauzaji wa sarafu za kale hapa Mombasa, nawaomba muache kuita kila shilingi iliyopondeka "kosa la kiwanda". Mteja anayelipa maelfu kwa sarafu iliyogongwa nyundo amepunjwa, hata kama muuzaji naye hakujua.

Sarafu hutengenezwa kwa hatua. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo, kingo hubinywa zikainuka, kisha kipande hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma ya kupigia chapa. Kosa la kiwanda lazima liwe limetokea katika hatua mojawapo. Kama huwezi kueleza mashine ilifanyaje, shuku mkono wa mtu, au bahari.

Chukua senti kumi ya enzi za mkoloni, ile yenye tundu katikati. Tundu lilitobolewa kabla ya chapa kupigwa, ndiyo maana limezungukwa na ukingo laini ulioinuka. Likikosekana au likikaa upande, hilo ni kosa la kweli. Sasa shika shilingi ya King George iliyotobolewa iwe kidani. Tundu limekata mkia wa simba, na upande wa pili madini yamesukumwa nje. Ukipitisha kidole yanakwaruza. Ni pambo zuri, tena lina historia yake, lakini kiwanda hakihusiki.

Zile zilizomegeka pembeni ndizo zinazowahadaa wengi. Mashine ikikata bamba mahali palipokwisha kukatwa, kipande hutoka na pengo lililopinda kama mwezi mchanga. Lakini usikodolee macho pengo lenyewe. Tazama ukingo unaoelekeana nalo: mara nyingi huwa hafifu, kwa sababu wakati wa kubinywa haukupata cha kuukaza kutoka upande wenye pengo. Mwenye tupa au mkasi akimega sarafu iliyokamilika, ukingo wa ng'ambo hubaki mzima, umesimama vilevile.

Halafu kuna chumvi yetu. Shilingi moja za siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli, na sumaku huzinasa. Zikilala ufuoni, kutu hula chuma cha ndani, ngozi ya juu ikafura na kubanduka. Nimeona zikinadiwa eti ni toleo adimu! Hizo thamani yake ni shilingi moja, kama kuna duka litakalozipokea.

Muuzaji mwaminifu aweke mizani na lenzi mezani, amwache mteja apime mwenyewe kabla ya kutaja bei.