Masharti ya gundi ya mbao hayakuja kuonea viwanda

Watengenezaji wa samani Marekani wana hoja wanapolalamikia masharti ya fomaldehaidi, gesi kali inayotoka kwenye gundi ya mbao, katika plaiwudi, chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa) na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa). Vipimo vya mara kwa mara, mthibitishaji wa nje wa kulipwa, kumbukumbu za miaka 3: kiwanda kikubwa hubeba, karakana ndogo hulemewa. Ni kweli pia kwamba hata mti wenyewe hutoa gesi hiyo kidogo, sembuse moshi wa sigara.

Ila tusisahau masharti haya yalitokea wapi. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, serikali iligawa matrela kwa maelfu ya familia zilizopoteza makazi. Muda si mrefu watu wakaanza kulalamika: macho yanawasha, kichwa kinauma, kikohozi hakiishi. CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, ilipopima matrela na nyumba za kuhamishika 519, ilikuta wastani wa sehemu 77 za fomaldehaidi kwa bilioni. Kuna makazi yaliyofika 590. Lakini vipimo hivyo vilichukuliwa lini? Desemba 2007 hadi Januari 2008, wakati wa baridi, ilhali joto na unyevu ndivyo vinavyoivunja gundi ya urea, ile yenye fomaldehaidi, na kuifanya itoe gesi. Mbao nazo zilikwisha kuzeeka, na gesi hupungua kadiri siku zinavyopita. Basi watoto waliolala humo katika joto la 2006 walivuta kiasi gani? Wastani ule wa 77 hautuambii, na yaelekea walivuta zaidi.

Kanuni zilikuwepo tangu miaka ya 1980, ila zilihusu nyumba zilizoundwa kiwandani. Trela la kuvutwa na gari halikuhesabiwa kuwa nyumba, likaachwa nje. Ndiyo maana sheria ya 2010 inaubana ubao wenyewe kabla haujawa kabati au sakafu: plaiwudi ya mbao ngumu isizidi sehemu 0.05 kwa milioni, chipubodi 0.09, MDF 0.11. Mpangaji hana njia ya kujua kabati lake limeunganishwa kwa gundi gani, kiwanda kinajua. Na anayetumia gundi isiyo na fomaldehaidi hupunguziwa vipimo. Wanaobandika vinia, yaani ganda jembamba la mbao juu ya ubao, waliachiwa hadi Machi 2024 kujipanga.

Udhaifu ninaouona mimi ni mwingine kabisa. Ubao hupimwa katika nyuzi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo Louisiana, jimbo lililopigwa na Katrina, huipita kiangazi chote, na Dar es Salaam karibu mwaka mzima. Hapo ndipo pa kukazwa.