Jua la Barabarani

Ukishuka melini Mkoani msimu wa karafuu, pua ndiyo ya kwanza kukwambia kuwa umefika Pemba. Panda gari ya Chake Chake, na kuanzia Ng'ombeni, Mkanyageni, Mtambile hadi Ngwachani utayaona majamvi kando ya lami, jamvi kwa jamvi, na kina mama wakigeuza karafuu kwa mikono. Wageni hupiga picha, madereva hupiga honi.

Wanaoanika barabarani hulaumiwa sana, na lawama ina haki yake. Karafuu ikimwagwa juu ya lami hushika mchanga na mafuta ya magari, na ikifika kwenye mzani wa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hushushwa daraja. Hakuna mkulima asiyelijua hilo. Kwa nini basi wanarudi pale pale kila msimu?

Nilimuuliza shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko karibu na Mtambile. Karafuu inataka jua kali siku tatu, nne, mfululizo. Ikilikosa huingia ukungu, na kazi yote ya kukwea mikarafuu na kuchambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hadi usiku inapotea. Pemba yetu ni vilima na mabonde, na nyumba zimefunikwa na miembe, mifenesi na mikarafuu yenyewe. Uani kwake jua halikai hata kwa muda wa saa mbili. "Mwanangu," aliniambia, "hapa kwetu penye jua la kutwa ni pahali pamoja tu, barabarani."

Msimu uliopita, gari mbili zilipishana mbele ya nyumba yake, na moja ikakanyaga ukingo wa jamvi. Dereva alisimama, akashuka, akaomba radhi. Kijana mstaarabu. Lakini shangazi alikaa chini hadi Alasiri na ungo mapajani, akipepeta changarawe na kutenga zilizopondeka, na kila gari ikipita alivuta miguu ndani. Mimi nilichokuwa nikikitazama ni miguu ile, si karafuu.

Na magari hayapungui. Sensa ya 2012 ilihesabu Wapemba 406,848. Ya 2022 ikahesabu 543,441. Ongezeko hilo linaonekana wazi njiani. Wawi na Gombani zimeshashikana na Chake, na Mtambile, iliyokuwa njia panda ya kwendea Kengeja, leo ina maduka huku na huku, na bodaboda zimejipanga. Barabara hii ndiyo inayompeleka mgonjwa Hospitali ya Abdalla Mzee, ndiyo inayofikisha magunia bandarini. Ninataka iwe pana, tena nzuri. Sina ugomvi na lami.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyoihesabu. Kila ikizungumzwa barabara hii, husemwa ni ya Chake na Mkoani, kana kwamba katikati hakuna watu. Hupimwa kwa dakika anazookoa abiria. Ile hifadhi ya barabara, kile kipande kati ya lami na nyumba, huonekana ni ardhi tupu, na ndiyo maana vibanda hukimbilia pale. Kumbe ndipo watoto wanapopita kwenda skuli, na ndiyo sakafu ya kijiji kizima kwa miezi ya mavuno.

Basi tuijenge hiyo sakafu kweli. Sakafu za saruji za kuanikia karafuu tunazijua tangu zamani. Hazihitaji mtaalamu kutoka nje. Kila barabara inapotengenezwa, zege lipo, mashine zipo, mafundi wapo. Kila kijiji kikatiwe kipande penye jua, kiinuliwe juu ya mkondo wa maji, kizuiwe na magari kwa ukuta mfupi, na mbele yake iachwe njia ya waendao kwa miguu. Sheha, kiongozi wa mtaa, aulizwe wapi jua linakaa, kwa sababu mchoro wa ofisini hauonyeshi kivuli cha mwembe.

Mbele ya nyumba ya shangazi, kutoka mfereji hadi ukuta wa jirani, ni hatua ishirini kwa kumi. Nimepima mwenyewe.